Kiasi, Kalibu na Risasi: Historia ya Majina ya Vipimo vya Bunduki kutoka Kilimatinde hadi Rungwa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi ukubwa wa risasi za bunduki ulivyopimwa na kupewa majina katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida, tangu enzi za misafara ya pembe hadi mahakama za sasa. Yanadai kwamba msamiati wa Kiswahili wa karne ya 19 ulitokana na vipimo vyenyewe, ilhali tarakimu zilizoletwa na viwanda ni majina yenye sura ya vipimo. Mkanganyiko huo una gharama, hasa tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria nchini Tanzania mwaka 2021.

1. Tarakimu isiyo na nukta

Katika taarifa za ujangili zinazosikika mara kwa mara nchini Tanzania, silaha hutajwa kwa mtindo ambao wasikilizaji wameshauzoea: gobore, SMG, bunduki ya 375, bunduki ya 458. Majina mawili ya mwisho huhusu maeneo ambako wanyama wakubwa wangalipo, na katika Mkoa wa Singida maeneo hayo yako kusini, kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Husemwa "risasi tatu za 375" na hakuna anayeuliza 375 ni nini. Si milimita, kwa kuwa mtutu wa milimita 375 ungekuwa wa mzinga wa manowari. Si inchi, bila shaka. Ni sehemu za elfu za inchi: nukta ya desimali imedondoka, kizio kimedondoka, na kilichobaki ni jina.

Kisarufi pia tarakimu hiyo imekoma kuwa namba. Katika kirai "risasi tatu za 375", kinachohesabu ni "tatu". 375 inakaa baada ya kiunganifu "za", mahali pa nomino, sawasawa na neno Mauser katika "risasi tatu za Mauser". Haijumlishwi wala haigawanywi. Mwenye kuitamka hahitaji kujua inchi ni nini, na katika nchi inayopima kwa mita na kilogramu, hana sababu ya kujua.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba huo ni mkopo wa kawaida, kwamba kitu kimekuja na jina lake na mambo yakaishia hapo. Lakini bunduki haikuja Afrika Mashariki pamoja na tarakimu. Ilikuwapo muda mrefu kabla yake, na Kiswahili kilikuwa na namna yake ya kutaja ukubwa wa mtutu na wa risasi. Namna hiyo haijafa. Imetawanyika katika maneno ambayo wengi hawayahusishi tena na silaha.

2. Kiasi

Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 ilivuka Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo sehemu yake kubwa imo katika halmashauri za Manyoni na Itigi za leo. Wengi wa walinzi wa misafara hiyo walibeba gobore. Ili kuelewa msamiati uliozaliwa na silaha hiyo, sharti kukumbuka inavyoshindiliwa. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, ikashindiliwa kwa mti pamoja na kizibo cha kitambaa au nyuzi. Risasi ikafuata, au marisau iwapo anayewindwa ni ndege. Mwisho fataki ikawekwa mahali pake chini ya nyundo. Hakuna hatua hata moja ambayo kipimo chake kimeamuliwa na kiwanda. Baruti ikipungua, risasi huanguka njiani. Ikizidi, mtutu hupasuka mkononi mwa mwenyewe.

Kutokana na hali hiyo, neno lililotumiwa kwa fungu la baruti na risasi lililoandaliwa tayari kwa mlio mmoja lilikuwa kiasi. Vitabu vya lugha vya karne ya 19, kikiwamo kile cha Edward Steere kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, vinaandika kiasi cha bunduki kwa maana hiyo. Neno lenyewe ni la Kiarabu, qiyas, yaani upimaji au ulinganishaji, na kwa kuwa silabi yake ya kwanza inafanana na kiambishi ki-, lilipokewa katika ngeli ya ki-/vi- kama kitabu na vitabu. Mtu aliweza kusema ana viasi kadhaa mkobani. Leo sentensi hiyo ingemshangaza msemaji wa Kiswahili, ambaye kwake kiasi ni cha chumvi au cha fedha, na hakina wingi wa kuhesabika.

Linalostahili kuzingatiwa hapa ni kwamba kiasi hakikuwa sitiari. Kitu kilichokuwa mkobani kilikuwa kipimo kilichofungwa katika karatasi. Jina na kipimo vilikuwa kitu kimoja.

Maneno mengine ya bunduki yalifuata njia iyo hiyo. Risasi ni raṣāṣ ya Kiarabu, yaani madini ya risasi, na maana hiyo ingali hai katika Kiswahili: fundi anayeziba sufuria hutumia risasi bila kumpiga mtu yeyote. Bunduki inarudi kwenye bunduq, tunda dogo gumu la jamii ya njugu, neno ambalo Waarabu walilitumia pia kwa vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde kabla ya baruti kuenea. Kwa hiyo chombo kizima kimeitwa kwa jina la kidonge kinachotoka ndani yake, na kidonge kwa ukubwa wa tunda. Kasiba, jina la kale la mtutu, ni qaṣaba, tete au unyasi wenye tundu. Mzinga nao ni gogo lililotobolewa, liwe la nyuki au la baruti, na katika Singida, mkoa unaosifika kwa asali, maana ya kwanza bado ndiyo inayotangulia. Simulizi za Wanyaturu juu ya Liti, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, husema kwamba nyuki walikuwa miongoni mwa silaha zake. Mwanahistoria atalipima dai hilo kwa vigezo vyake. Mwanaisimu anaweza kuridhika kuona kwamba katika simulizi hiyo maana mbili za neno moja zimekutana uwanja mmoja.

3. Ratili na kalibu

Palikuwa na njia mbili za kujua ukubwa wa mtutu bila kuupima kwa rula, na zote mbili zilieleweka kwa mtu wa misafara.

Ya kwanza ni uzito. Mtutu uliitwa kwa idadi ya vidonge vya risasi, vyenye upana sawa na tundu lake, vinavyopatikana katika ratili moja. Bunduki ya namba 12 ni ile ambayo vidonge vyake 12 vina uzito wa ratili, yaani gramu 453.6; kila kidonge kina gramu 37.8 na upana wa milimita 18.5. Bunduki ya namba 4, iliyotumiwa na baadhi ya wawindaji wa tembo, ilirusha robo ratili nzima, na upana wa tundu lake ulikuwa kiasi cha milimita 26.7. Ndiyo sababu mpangilio wake unaonekana kwenda kinyume: namba ikipungua, mdomo hupanuka. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kuhesabu ratili 35 katika frasila moja ya pembe, hesabu hii haikuwa ya kigeni. Bunduki za marisau zingali zinaitwa hivyo hadi leo, ingawa anayenunua risasi za namba 12 hafikirii tena habari ya ratili.

Njia ya pili ilikuwa kalibu. Kamusi za Kiswahili zinalifahamu neno hili kwa maana ya chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa ili yapate umbo. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, ambayo mwaka 1916 ilipelekwa Tabora kutengenezea sarafu za rupia 15, haikuweza kusafiri bila kupita katika chombo cha namna hiyo. Vivyo hivyo risasi. Aliyekuwa na gobore alihitaji kalibu inayolingana na mtutu wake, na kidonge kilichotoka humo ndicho kilichokuwa ukubwa wa bunduki yake. Hapakuwa na haja ya tarakimu: kalibu ilikuwa kipimo kwa kutenda, si kwa kusoma.

Kalibu ni qālib ya Kiarabu, na wanaetimolojia walio wengi wanakubali kwamba neno hilohilo, likipitia lugha za Mediterania, lilizaa calibre ya Kifaransa katika karne ya 15. Qālib nayo inaelekezwa kwenye neno la Kiyunani lenye maana ya mguu wa mti, yaani kigogo ambacho fundi viatu hukitumia kupatia kiatu umbo. Wapo waliopendekeza asili ya Kilatini yenye maana ya "kwa ratili gani?". Pendekezo hilo linavutia kwa kuwa linairudisha njia ya kwanza ndani ya ya pili, lakini halina uzito wa kuliondoa la Kiarabu. Likubaliwe lile la wengi, basi Kiswahili na Kifaransa vina ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja aliyebaki kwenye karakana na mwingine aliyeingia jeshini.

Ndugu huyo wa pili amekuja Afrika Mashariki kwa mlango mwingine. Neno kaliba, kutoka Kiingereza, limeenea katika uandishi na utangazaji wa michezo: mchezaji wa kaliba yake, kocha wa kaliba ya juu. Limechukua maana ya daraja na hadhi, bila kubeba maana ya kipenyo. Hivyo lugha sasa ina kalibu inayotengeneza risasi bila kuipima, na kaliba inayopima watu bila kujua risasi. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa mkopo mara mbili usioelekezwa na mtu yeyote.

4. Tarakimu zinafika Kilimatinde

Gobore lilidumu Afrika Mashariki si kwa mapenzi ya wenyeji pekee. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika ukanda kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa Ikweta, huku ukiacha mwanya kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Eneo lote la Singida limo ndani ya ukanda huo. Mpaka uliochorwa na mkataba, kwa maneno mengine, haukuwa wa upana wa mtutu bali wa sura yake ya ndani: laini au yenye mifereji.

Tofauti hiyo ndiyo iliyovuruga upimaji. Mtutu laini una kipenyo kimoja. Mtutu wa kisasa umechongwa ndani mifereji inayozunguka ili kuipa risasi mzunguko, na kati ya mfereji na mfereji hubaki tuta, kama shamba la viazi lililokunjwa likawa bomba. Basi kuna vipenyo viwili: kutoka tuta hadi tuta, na kutoka mfereji hadi mfereji. Kichwa cha risasi hutengenezwa kwa kufuata kile kikubwa ili kibane. Je, bunduki iitwe kwa kipi? Hapakuwa na kanuni. Kila nchi na kila kiwanda kiliamua kivyake.

Jeshi la Wajerumani lilikuwa na Kampuni ya 4 yenye makao Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, pamoja na kituo Singida. Vita vilipozuka mwaka 1914, makampuni mengi ya jeshi hilo yalikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, za milimita 11, zilizotumia baruti nyeusi na kumfichua mpigaji kwa wingu la moshi kila alipofyatua. Machache yalikuwa na Mauser mpya ya milimita 7.92. Askari wa makampuni hayo, walioamrishwa na kuzungumza kwa Kiswahili, walijikuta kati ya mifumo miwili: bunduki inayoitwa kwa mwaka na bunduki inayoitwa kwa milimita.

Na milimita zenyewe hazikuwa za kuaminika. 7.92 ni kipenyo cha tuta hadi tuta. Kichwa cha risasi ya Mauser ya awali kilikuwa na milimita 8.08, na kile kipya kilichopitishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kilifikia milimita 8.2, lakini jina halikubadilika. Kwa upande wa Waingereza, bunduki ya .303 ilipewa jina kwa tuta hadi tuta vilevile, sawa na milimita 7.7, ilhali kichwa cha risasi yake kina takribani milimita 7.9. Matokeo yake ni kwamba anayetafuta risasi yenye upana wa karibu milimita 7.92 ataipata kwa Mwingereza, anayeiita 303, na si kwa Mjerumani, anayeiita 7.92.

Hili halikuwa fumbo la darasani. Baada ya mapigano ya Tanga mnamo Novemba 1914, Wajerumani walipata silaha nyingi za Waingereza na risasi zipatazo 600,000, wakaweza kuvipa silaha mpya baadhi ya vikosi vyao. Tangu hapo mgawaji wa risasi alipaswa kujua kampuni ipi ilibeba nini, kwa kuwa risasi za pande mbili, ingawa zinakaribiana kwa upana, haziingiliani: urefu wa ganda na umbo la kitako chake ni tofauti. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya Kronborg ya Denmark, iliingia Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki na risasi. Ilishambuliwa, ikaungua kwa sehemu na kujaa maji, na risasi zilizookolewa zikawa zimelowa maji ya bahari. Ikabidi zifunguliwe, baruti ikaushwe, kisha zifungwe upya. Kwa miezi kadhaa, katika jeshi lililojivunia bunduki ya kisasa, kazi ya kiasi ilirudi mikononi mwa watu.

Mwaka 1916 Waingereza waliteka Kilimatinde na Singida, na 303 ikawa bunduki ya utawala. Ganda la metali lililojazwa kiwandani lilikuwa limekwisha kuondoa haja ya kupima, na pamoja nayo ikaondoka maana ya kijeshi ya neno kiasi. Nafasi yake ikachukuliwa na risasi, ambayo hapo kabla ilikuwa jina la kidonge tu. Kwa maoni ya makala haya, badiliko hilo dogo la maana ndilo lenye madhara makubwa kuliko mengine yote yaliyojadiliwa hapa.

5. Risasi tatu mahakamani

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania. Tangu hapo, neno lililoweza kufichwa nyuma ya Kiingereza limelazimika kujitokeza. Shahidi akisema kwamba risasi tatu zilipatikana eneo la tukio, amesema nini? Huenda ni risasi nzima ambazo hazijafyatuliwa. Huenda ni vichwa vilivyotolewa ukutani au mwilini. Huenda, kwa usemi wa kawaida, ni maganda matupu. La kwanza linahusu kosa la kumiliki chini ya sheria ya mwaka 2015 inayodhibiti silaha na risasi. La pili linaweza kuhusisha mtutu fulani na kifo fulani. La tatu linaonyesha kwamba mtu alifyatua akiwa mahali hapo. Kesi tatu, neno moja.

Wapelelezi wenyewe wameanza kutenganisha kwa kusema kichwa cha risasi na ganda la risasi, na istilahi hizo zafaa kupewa nguvu katika kamusi za kisheria kuliko kutungiwa nyingine. Kinachobaki bila jina ni kitu kizima. Kukifufua kiasi kungependeza kihistoria, lakini neno hilo limefungamana mno na wastani na wingi kiasi kwamba (sentensi hii yenyewe ni ushahidi) halitaweza kurudi. Risasi iachwe kwa kitu kizima, kwa sharti kwamba isitumiwe tena kwa sehemu zake.

Kuhusu tarakimu, tatizo ni la aina nyingine. Mtu akisoma katika hati ya mashtaka "bunduki ya milimita 7.62", anaweza kudhani amepewa kipimo. Amepewa jina la familia. 7.62 ni sehemu tatu za kumi za inchi zilizogeuzwa milimita, na imebandikwa kwenye risasi zisizoingiliana. Ile ya SMG, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 39, ina kichwa cha takribani milimita 7.9. Ile yenye ganda la milimita 51, iliyopitishwa na nchi za NATO, ina kichwa cha milimita 7.82. Wakili makini anayepima kichwa kilichotolewa ukutani na kupata 7.9 anaweza kudai kwamba kielelezo hakilingani na silaha ya mteja wake. Atakuwa amekosea, na asiyejua historia ya majina hataweza kumjibu.

Hapa ndipo kalibu inapoweza kufanya kazi ambayo kaliba, iliyokwisha kuajiriwa na watangazaji wa mpira, haiwezi. Likitengwa kwa ajili ya jina la kiwanda pekee, neno hili litamwambia msomaji kwamba tarakimu inayofuata ni umbo la risasi na chemba inayoipokea, na si urefu wowote unaoweza kupimwa. Vipimo halisi vitajwe kwa maneno yanayojieleza: kipenyo cha kichwa, kipenyo cha mtutu kati ya matuta, urefu wa ganda. Pingamizi la kifonolojia lipo. Kwa wasemaji wengi wa lugha za kanda ya kati na ziwa, ambao hawatofautishi sana l na r, kalibu itasikika kama karibu, na si vigumu kufikiria kicheko mahakamani. Lakini hati huandikwa, na muktadha wa bunduki hauna ukarimu mwingi wa kuleta utata.

Mfano wa Rungwa unatosha kuonyesha faida yake. Risasi ya 375, iliyotolewa na kiwanda cha Holland & Holland mwaka 1912 na ambayo wawindaji wengi huiona kuwa ya chini kabisa inayofaa kwa nyati na tembo, ni miongoni mwa zile ambazo jina na kipimo vinakubaliana. Ingeandikwa: kalibu 375 ya Holland & Holland; kipenyo cha kichwa milimita 9.5, urefu wa ganda milimita 72. Risasi ya 404 ya Jeffery, iliyotumiwa sana na idara za wanyamapori katika makoloni ya Waingereza barani Afrika, haina ukubaliano huo. Elfu 404 za inchi ni milimita 10.26, na anayeandika kwa kukisia ataiweka tarakimu hiyo. Hati sahihi ingesoma: kalibu 404 ya Jeffery, kipenyo cha kichwa milimita 10.7.